Maji yanadondoka toka kwenye mabati alfajiri na mvua hakuna: tatizo ni paa, ukuta au sisi wenyewe?

#1 Mwana_Kalubwe
Jambo yenu wote. Niko Lubumbashi huku Kongo, upande wa Kalubwe. Mwaka huu tumetengeneza upya nyumba ya wazazi: tumebomoa ukuta wa kati, tumeongeza vyumba viwili nyuma, tumepiga lipu ndani na nje, tumemwaga shapu mpya ya simenti (sakafu ya juu) na kubadilisha paa lote, manjanja (mabati) mapya kabisa. Mvua ilikatika mwezi wa nne. Sasa ni mwezi wa sita, baridi imeshika, na kila alfajiri maji yanadondoka kutoka juu. Kwenye vyumba vipya, ambavyo bado havijapata plafo (dari ya ndani), yanaangukia kitandani moja kwa moja. Kwenye vyumba vya zamani plafo ya tripleksi (mbao za plaiwudi) imetoka mabaka ya njano, na kona moja imeota ukungu mweusi.

Fundi amepanda juu, hajaona tundu. Mama anasema nyumba hii haikuwahi kufanya hivi tangu ijengwe. Na ndani ni baridi kuliko nje mpaka saa sita mchana, mtu anatoka kuota jua uani. Baridi ilipoanza tuliziba klostra (matundu ya hewa ukutani) zote za juu kwa simenti ili upepo usiingie.

Naomba mnisaidie: maji haya yanatoka wapi? Nataka kurekebisha sasa kabla mvua haijarudi, maana kwetu kiangazi, yaani hii miezi ya baridi isiyo na mvua, ndicho kipindi cha kujenga.

#2 Fundi_Katuba
Misumari. Manjanja mapya ya siku hizi ni membamba, fundi akipiga msumari bila raba chini ya kichwa, bati linapasuka pembeni na huoni kwa macho. Angalia pia juu kabisa, pale manjanja ya pande mbili yanapokutana. Ile kofia ya paa isipolala vizuri, maji yanaingia. Nimerekebisha mapaa mengi ya namna hiyo.

#3 Dada_Kampemba
Fundi, tundu litapitisha nini kama mvua hakuna tangu mwezi wa nne? Soma #1 tena.

#4 Fundi_Katuba
Umande, dada. Umande wa alfajiri unalala juu ya bati, unateremka na kuingia kwenye tundu. Mimi niko juu ya mapaa saa kumi na mbili asubuhi, nauona.

#5 Poly_Unilu
Umande wa nje upo, fundi hajakosea. Lakini maji mengi namna hiyo yanatengenezwa ndani. Nieleze kidogo.

Usiku wa Juni hapa kwetu mbingu ni nyeupe, hakuna wingu. Hewa ya nje huteremka hadi karibu nyuzi 8. Bati ni jembamba, halina akiba ya joto, na usiku kucha linarusha joto lake angani. Ndiyo maana linakuwa baridi kuliko hewa inayolizunguka kwa nyuzi kadhaa. Chini yake kuna hewa ya chumba yenye mvuke wa watu waliolala. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 60 huanza kutoa maji ikigusa kitu chochote cha nyuzi 12 kwenda chini, na bati lenu liko chini ya hapo kwa mbali. Ni kama mfuniko wa sufuria ya bukari (ugali): maji yaliyo juu ya mfuniko hayakutoka kwenye mfuniko.

Mtu mzima akilala usiku mmoja hutoa robo lita hivi ya maji kwa pumzi na ngozi, wengine zaidi. Wakilala watano, ni zaidi ya lita moja imepanda juu. Zamani mvuke huo ulitokea kwenye klostra na kwenye uwazi ulio kati ya ukuta na shevroni (mbao zinazobeba bati). Mmeziba vyote viwili. Fungueni.

#6 Masoni_wa_Kenya
Poly anasema kweli ila amesahau kitu kikubwa kuliko pumzi. Nyumba ni mbichi!

Hesabu ni hii. Mfuko wa simenti wa kilo 50, ukichanganya kwa kawaida ya huku, unanywa lita 25 mpaka 30 za maji. Simenti yenyewe inashika lita 12 hivi na kuzifanya jiwe. Zilizobaki lazima zitoke, hazina pa kukaa. Sasa hesabu mifuko aliyotumia: lipu ndani na nje, shapu nyumba nzima, kuta za vyumba viwili. Ni mapipa na mapipa ya maji, na yanatoka polepole kwa miezi. Shapu peke yake inakauka sentimita moja kwa wiki ukiwa na bahati ya hewa nzuri. Huyu ndugu amehamia ndani kabla nyumba haijakauka, kisha akaziba matundu. Watu watano ni kidogo mbele ya hiyo simenti.

#7 Ndugu_wa_Likasi
Masoni wa Kenya, kumbe Nairobi nako wanajua shapu?

#8 Masoni_wa_Kenya
Kenya komini, hapa Lubumbashi, nyuma ya soko. Unaijua vizuri, ulikuja kunikopa ngazi.

#9 Mama_Ruashi
Jambo yenu bote. Miye niko ku Ruashi, nyumba ya matofali ya kichuguu, manjanja ya zamani, plafo hakuna. Maji inadondoka vilevile kila mwezi wa sita na wa saba. Mu nyumba yangu hakuna simenti ya mupya hata kidogo, ata chini ni simenti ya tangu bazazi. Kwa hiyo maneno ya Masoni inaweza kuwa kweli kwa huyu kijana, lakini haielezi yangu.

Kitu nimeona: siku tunapikia mbabula, ile jiko ya makala (makaa), ndani sababu ya baridi, maji inaongezeka. Siku tunapikia inje, inapunguka. Miye nafikiri ni makala.

#10 Poly_Unilu
Mama, heshima yako. Makala yenyewe yakiungua hutoa mvuke mdogo sana, kwa sababu karibu yote ni kaboni. Kinachotoa maji ni sufuria iliyo juu yake: bukari, maharage yanayochemka kwa muda wa saa tatu, maji ya kuoga. Gesi ya chupa ndiyo inayotoa maji mengi, kilo moja ya gesi hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji. Kwa hiyo ulichokiona ni kweli, ila mwenye kosa ni maharage.

#11 Infirmière_Kamalondo
Nakatiza hapo kidogo, samahani wote. Mama Ruashi, na wengine mnaosoma bila kuandika: mbabula ndani ya chumba kilichofungwa inaua. Makala yakiungua bila hewa ya kutosha hutoa monoksidi ya kaboni. Haina harufu wala rangi, haikoholeshi. Inashika damu kwa nguvu mara zaidi ya mia mbili kuliko oksijeni inavyoshika, na mtu anapitiwa na usingizi tu. Kila kiangazi sisi wauguzi tunapokea familia: kichwa kinauma, wanatapika, wengine hawaamki. Makala yaliyobaki mekundu bila moshi ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu watu wanadhani yameisha sumu, wanaingiza chumbani watoto wanapolala.

Na sasa mtu ameziba klostra zote kwa simenti. Mwana_Kalubwe, kabla ya suala la godoro kuloa, nijibu: mnalala na mbabula?

#12 Mwana_Kalubwe
Hapana dada, chumbani hatuingizi. Ila mama huwa anaiweka kolidoni jioni kisha anaitoa. Nimemsomea ujumbe wako. Leo itabaki uani.

#13 Mama_Ruashi
Nimesikia, mwanangu. Aksanti. Miye nafunguaka dirisha kidogo, lakini leo nitaitosha inje kabisa.

#14 Lushois_Montréal
Nawasalimu kutoka Canada. Nilizaliwa Kamalondo, sasa nafanya kazi ya ujenzi huku Montréal, na suala hili ndilo mkate wangu. Huku Januari nyuzi 20 chini ya sifuri si habari. Tatizo ni lilelile la mvuke, ila ukubwa wake ni mwingine. Mvuke ukipenya ndani ya ukuta, unaganda barafu humohumo, na jua la machipuko likifika barafu inayeyuka, mbao zinaoza mtu haoni.

Ndiyo maana nyumba za huku zina tabaka. Kuanzia ndani: ubao wa jasi, kisha plastiki nzima bila tundu, kisha pamba ya vioo, kisha ukuta wa nje. Plastiki inakaa upande wa joto, yaani wa chumbani, ili mvuke usifike kwenye baridi. Juu, kati ya plafo na paa, tunaacha hewa ipite: kwa kila mita za mraba 300 za plafo, mita moja ya mraba ya matundu. Paa lenyewe linabaki baridi makusudi. Likipata joto kutoka chini, theluji inayeyuka juu, maji yanateremka hadi ukingoni ambako hakuna joto, yanaganda tena, yanatengeneza ukuta wa barafu, na yanayofuata yanarudi chini ya paa na kuingia ndani.

Ushauri wangu kwa Kalubwe: weka plafo vyumba vyote, plastiki juu yake, frigoliti (lile povu jeupe la plastiki) juu ya plastiki, acha matundu kwenye pembe za paa. Na mkijenga tena, vyumba vya kulala vielekee kusini, jua la msimu wa baridi liingie bure.

#15 Poly_Unilu
Kaka, hapo kwa jua umesahau nyumbani. Lubumbashi iko kusini mwa ikweta, kwenye digrii 11 na nusu na kidogo. Mwezi wa sita jua letu la mchana liko KASKAZINI, kama digrii 55 juu ya upeo. Dirisha la kusini hapa mwezi wa sita halipati jua lolote la mchana, na juu ya hayo linapokea upepo, maana upepo wa kiangazi unatoka kusini mashariki. Mtu akikufuata atajenga friji.

#16 Lushois_Montréal
Kaskazini kwenu, kusini kwetu. Ahsante, mdogo wangu. Mengine yote yabaki.

#17 Fundi_Katuba
Mengine hayabaki yote. Hiyo plastiki mimi siikubali. Huko kwenu baridi inakaa miezi na nyumba ina joto la mashine mchana na usiku. Hapa baridi ni ya usiku tu, saa nane mchana bati halishikiki kwa mkono. Nimewahi kufungua plafo iliyotandikwa plastiki: juu yake maji yamesimama, mbao nyeusi, mchwa wamejenga kijiji. Plastiki inazuia mvuke kupanda, sawa, lakini inazuia pia maji ya juu kukauka kuja chini. Na mvua ya Januari ikipenya tundu moja, utajua lini? Plafo itakapoanguka.

#18 Lushois_Montréal
Kama juu kuna hewa inayopita, maji hayasimami. Ulichokiona ni plastiki bila matundu. Vitu hivyo viwili vinakwenda pamoja.

#19 Fundi_Katuba
Ukiacha matundu, popo wanaingia. Ukiweka wavu, vumbi la kiangazi linauziba. Wewe ulizaliwa Kamalondo, unalijua vumbi letu jekundu.

#20 Himbi_Goma
Salamu kutoka Goma. Nasoma nashangaa, ndugu zetu wa Katanga mnalia baridi! Sisi tuko juu zaidi, mita 1500 hivi, nyinyi ni 1200. Na wengi huku wanalala kwenye nyumba za mbao.

Niongeze la kwetu. Nyumba ya mbao juu ya mawe ya volkano haitoi maji kwenye mabati kama hivyo, kwa sababu hewa inapita kila mahali, hata kama hutaki. Watu wanaipenda kwa sababu nyingine: ni nyepesi, tetemeko likija inacheza haianguki, na ni ya bei nafuu. Baada ya lava ya Januari 2002 kufunika sehemu ya mji, watu walirudi wakajenga juu ya lava ileile, wengi kwa mbao. Kuchimba msingi kwenye lava ngumu ni kazi ya nyundo na patasi, kwa hiyo unasawazisha, unapanga mawe ya moloni, unasimamisha mbao. Ila baridi ya usiku inapita kwenye nyufa, na watu wanabandika makaratasi na maturubai ndani ya ukuta. Kisha unyevu unakaa nyuma ya turubai, mbao zinaoza. Kumbe ni ugomvi uleule wa plastiki kati ya Fundi na Montréal.

#21 Poly_Unilu
Kwa urefu uko sawa, Goma iko juu kuliko sisi. Lakini nyinyi mko karibu kabisa na ikweta, mna ziwa na mawingu, joto lenu halibadiliki sana mwaka mzima. Usiku wa Juni Lubumbashi ni baridi kuliko Goma. Mchana tunafika 25, usiku tunaanguka mpaka 8. Ni huo mwanya kati ya mchana na usiku unaotoa maji, urefu peke yake haufanyi hivyo.

#22 Himbi_Goma
Nimekubali. Siku nikija huko nitabeba koti.

#23 Muhungu_Bukavu
Bukavu tupo. Mimi nauliza jambo ambalo hakuna aliyeligusa: chini je? Huku kwetu udongo ni mfinyanzi, na nyumba ziko kwenye miteremko. Ukuta usipowekewa kizuizi juu ya msingi, maji yanapanda toka ardhini kupitia matofali, unaona rangi inabanduka kwa urefu wa mita moja na chumvi nyeupe inatoka. Maji hayo yanavukia chumbani usiku na mchana, yakipanda juu yanakutana na bati baridi. Unaweza kubadilisha paa kila mwaka, chanzo kiko miguuni.

Mwana_Kalubwe, mlipoongeza vyumba viwili, mliweka plastiki ya msingi au lami kati ya msingi na tofali la kwanza? Na ardhi ya nyuma ya nyumba inateremkia wapi? Hapa Bukavu mtu akikata mlima ili apate uwanja wa chumba, anasukuma maji yote ya mlima ukutani.

#24 Masoni_wa_Kenya
Kiangazi ardhi ya Kalubwe imekauka mpaka inapasuka, ndugu wa Bukavu. Maji ya kupanda yatoke wapi?

#25 Muhungu_Bukavu
Juu imekauka. Chimba mita moja uone. Na udongo wa kichuguu mnaoujengea nyinyi ni mfinyanzi mtupu, unashika maji ya mvua miezi mingi.

#26 Dada_Kampemba
Kuna jaribio rahisi, nililiona kwa baba aliyekuwa konduktere (msimamizi) wa ujenzi. Kata vipande vya plastiki safi, ubandike kimoja sakafuni na kimoja ukutani kwa utepe pande zote nne, pasipite hewa. Acha usiku kucha au zaidi. Ukikuta maji CHINI ya plastiki, yanatoka kwenye simenti au ardhini. Ukikuta maji JUU yake, ni hewa ya chumba. Fanya chumba kipya na cha zamani, ulinganishe. Mtajua nani anasema kweli badala ya kubishana.

#27 Mwana_Kalubwe
Aksanti Dada. Nabandika leo jioni. Na nimevunja klostra za chumba kimoja kama Poly alivyosema, nyingine nimeziacha ili niweze kulinganisha.

#28 Mzee_Makomeno
Watoto wangu, shikamoo hamnipi lakini nawasoma. Tazameni nyumba za zamani za mjini. Kuta za matofali mawili, si moja. Plafo iko juu sana. Chini ya paa kuna matundu pande zote, na veranda imezunguka. Nyingine zina bomba la moshi sebuleni, moto wa kuni unawaka ndani na moshi unatoka juu, hakuna anayekufa. Ukuta mnene unakunywa jua mchana kutwa na kulitoa polepole usiku. Leo mnajenga kwa bloku moja ya simenti yenye matundu na bati jembamba, mnataka joto litoke wapi?

#29 Masoni_wa_Kenya
Shikamoo mzee. Ukuta wa matofali mawili leo ni mara mbili ya pesa. Mteja akisikia hesabu anamwita fundi mwingine.

Ila kwa tofali la kichuguu namuunga mkono mzee. Udongo wenyewe uko parselini (kiwanjani), mchwa wameshausaga, na tofali lake ni zito. Mama Ruashi, nyumba yako jioni si ina joto kuliko za bloku?

#30 Mama_Ruashi
Iko na joto mpaka saa tano za usiku. Asubuhi njo baridi inakuya, na haitoke mpaka mchana.

#31 Poly_Unilu
Jibu la mama linaeleza pia sehemu ya #1 ambayo tumeiacha: kwa nini ndani ni baridi kuliko nje mpaka saa sita. Ukuta mzito umepoa usiku kucha, asubuhi unahitaji saa nyingi kupata joto tena. Saa nne jua limeshawaka nje, ukuta bado uko kwenye usiku. Funguo ni madirisha: yafunge jioni mapema, kabla joto la mchana halijakimbia, yafungue saa nne. Watu wengi wanafanya kinyume, wanafungua alfajiri "kubadilisha hewa" na kufunga mchana kwa ajili ya vumbi.

#32 Infirmière_Kamalondo
Poly, ukifunga jioni mapema, mvuke unabaki ndani. Ulisema wewe mwenyewe #5 tufungue.

#33 Poly_Unilu
Madirisha ya chini yafungwe, matundu ya juu yabaki wazi. Joto la kidogo litapotea, ndiyo. Sioni njia ya kupata yote mawili bila plafo.

#34 Mwana_Kalubwe
Narudi na majibu ya jaribio la Dada_Kampemba.

Chumba kipya, sakafuni: maji chini ya plastiki, mengi, yamekuwa matone. Ukutani chumba hichohicho: chini kidogo, juu pia kidogo. Chumba cha zamani, sakafuni: pakavu kabisa pande zote mbili, ingawa shapu yake ni mpya kama ya vyumba vipya. Ukutani: juu tu.

Chumba nilichofungua klostra: usiku wa kwanza hakuna tone. Usiku wa pili matone machache. Ila usiku ule wa kwanza mawingu yalitanda, sijui yalitoka wapi mwezi wa sita, na baridi ilikuwa ndogo. Na watoto wamekataa kulala humo, wamehamia kwa mama, kwa hiyo chumba kilikuwa na mtu mmoja tu.

#35 Masoni_wa_Kenya
Maji chini ya plastiki chumba kipya! Nilisema #6, nyumba mbichi.

#36 Muhungu_Bukavu
Taratibu. Shapu ni mpya nyumba nzima, lakini chumba cha zamani kikavu na kipya kina maji. Kinachotofautisha ni kilicho chini ya shapu. Nyumba ya wazazi ina msingi wake wa zamani uliotulia. Vyumba vipya vimekaa juu ya udongo wa juzi. Ni ardhi.

#37 Masoni_wa_Kenya
Au kifusi cha chini kilimwagiwa maji kikashindiliwa kabla ya kumwaga. Sote tunafanya hivyo. Hayo nayo ni maji ya ujenzi.

#38 Poly_Unilu
Na matokeo ya klostra hayasemi kitu, kwa sababu mambo matatu yalibadilika pamoja: tundu, wingu, na idadi ya watu. Wingu linazuia bati kupoa, kwa hiyo usiku ule hata vyumba vilivyozibwa huenda havikudondosha. Ulitazama?

#39 Mwana_Kalubwe
Vya zamani sikutazama juu ya plafo. Cha pili kipya, kilichozibwa, kilidondosha kidogo kuliko kawaida.

Swali lingine wakati tunaendelea. Nina mifuko ya simenti imebaki, nataka kumwaga dali (bamba la zege) ndogo ya veranda wiki hii. Kaka yangu anasema baridi hii itaharibu dali, nisubiri mwezi wa tisa. Kweli?

#40 Lushois_Montréal
Huku tukishuka chini ya nyuzi 5 tunachukua hatua: maji ya kuchanganyia yanapashwa moto, dali inafunikwa mablanketi maalumu, na hakuna kumwaga juu ya ardhi iliyoganda. Maji yakiganda yanavimba kwa asilimia 9 hivi na kuivunja zege ikiwa changa. Ikishapata nguvu ya megapaskali 5 hivi, inaweza kuvumilia. Wengine wanaongeza kloridi ya kalsiamu ili ishike haraka. Usiitumie penye vyuma, inavila. Lakini nyinyi mko nyuzi 8 usiku na 25 mchana. Hakuna kuganda. Zege itachelewa kushika kidogo, basi.

#41 Masoni_wa_Kenya
Mwaga. Hapa adui wa dali mwezi wa sita ni upepo mkavu na jua la mchana. Vinainyonya maji kabla simenti haijayatumia, na unaona nyufa za utando wa buibui juu yake kesho yake. Mwaga alasiri, funika na mifuko iliyoloweshwa au nyasi mbichi, mwagilia asubuhi na jioni wiki nzima. Nguzo za kofra (mbao zinazoshikilia zege) usizitoe mapema, hapo ndipo baridi inapohusika: ukizoea kutoa siku fulani wakati wa joto, ongeza siku.

#42 Fundi_Katuba
Na mchanga uoshwe. Nimeona dali nyingi zimelaumiwa baridi, kumbe mchanga ulikuwa nusu udongo. Hiyo mifuko iliyobaki nayo ilikaa wapi? Kama ilikuwa chini kwenye vyumba hivyo vyenye maji, ipapase. Ikiwa na mabonge magumu usiitie kwenye dali, itumie kupangia mawe ya uani.

#43 Mwana_Kalubwe
Iko juu ya mbao, sijaona mabonge. Aksanti. Kwa paa, nimeamua kuweka plafo vyumba vipya na frigoliti juu yake, matundu kwenye pembe, bila plastiki kwanza. Sakafu nitaiacha wazi ikauke. Kama Septemba bado kuna maji chini ya plastiki ya jaribio, nitajua Bukavu alisema kweli, nitachimba mfereji nyuma.

#44 Muhungu_Bukavu
Usisubiri Septemba kuchimba. Mfereji ni kazi ya koleo tu, na ardhi ya sasa haikuangukii.

#45 Dada_Kampemba
Frigoliti angalia moto. Ikishika inayeyuka, inadondoka ikiwaka, na moshi wake ni mweusi mzito. Isifike karibu na bomba la jiko.

#46 Himbi_Goma
Na mchwa! Wanaitoboa njia ndani yake ingawa hawaili.

#47 Poly_Unilu
Kuna jingine watu hawalijui. Nyaya za umeme zisilale zikigusa frigoliti. Ile ngozi ya plastiki ya waya, ikigusana nayo muda mrefu, mafuta yake yanahamia kwenye frigoliti: waya unakuwa mgumu na kupasuka, frigoliti inayeyuka kuuzunguka. Juu ya hayo waya uliofunikwa unashindwa kupoa. Pitisha nyaya zote kwenye bomba kabla ya kutandika.

#48 Mwana_Kalubwe
Nyaya zangu zimelala wazi juu ya shevroni, zitafunikwa zote. Bomba za milimita 16 zinatosha?

#49 Fundi_Katuba
Kwa taa, nyaya tatu za 1.5, zinatosha. Za prizi (soketi) ni 2.5, nunua bomba za 20, utavuta bila kuchubua. Na masanduku ya kuunganishia yaache pale utakapoyafikia bila kuvunja plafo.

#50 Ndugu_wa_Likasi
Masoni, ngazi narudisha Jumamosi. Mwana_Kalubwe, ukiihitaji kwa plafo, mwombe yeye mapema.